Gereza Alilolijenga Kaka Yangu

Wageni wanaokuja Kelderwick kutazama majengo ya kaka yangu huanza na soko na kumalizia na gereza. Kisha mtu wa hoteli huwaambia kwamba dada yake angali hai, nao huja kunibishia hodi hapa nyuma ya kanisa, wameshika daftari zao za kuchorea. Wanataka kujua alisoma wapi, aliamka saa ngapi, alipenda nini. Mimi huwapa kiti na chai, nikawaambia kwamba alipenda jibini na hakupenda kunyoa ndevu. Mengine siwaambii. Nitayasema hapa, maana nimefika miaka sabini na sita na sina tena wa kumficha.

Jina lake lilikuwa Lambert Garside. Baba yetu alikuwa mwashi kwenye machimbo ya mawe ya Hagg, maili tatu juu ya mji. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, na Lambert, aliyenizidi miaka minne tu, ndiye aliyenisuka nywele na kunipikia uji. Tangu utoto hakuweza kuona kitu bapa asikichore. Alichora kwa msumari kwenye vigae vya mawe vya kuezekea, na baba akamchapa kwa kuharibu vigae, naye akachora tena. Siku moja Bwana Wetherall, mwenye machimbo yale na nusu ya bonde letu, alikiona kigae chenye picha ya nyumba yake mwenyewe. Akacheka, akasema kijana amekosea, dohani moja ameichora imelala upande.

"Sijakosea, bwana," Lambert akamjibu. "Imelala."

Bwana Wetherall alikwenda kupimisha dohani yake. Ilikuwa imelala. Tangu siku hiyo akamchukua Lambert kama mtu wake, akampeleka London kwa msanifu mmoja mkubwa, halafu akamlipia miaka mitatu ya kukaa Roma kupima mahekalu ya kale.

Alirudi akiwa na miaka ishirini na sita, amebabuka kwa jua, anaongea habari za nguzo asubuhi hadi jioni. Wakati huo nilikuwa nimeolewa na Reuben Tordoff, mwashi, rafiki yake tangu walipokuwa wanagawana vigae vya kuchorea. Reuben alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba kanisani iliyowafanya watu wa safu ya mbele wageuke. Alikuwa hamwachi Lambert apumue.

"Shemeji," alimwambia siku Lambert alipotuonyesha mchoro wa soko, "nguzo sita kwa ajili ya kuuzia siagi? Siagi yenyewe itaona haya."

"Iache ione haya. Watu wa hapa nao wana haki ya kupita kwenye kitu kizuri wakienda kununua siagi."

"Na mvua?"

"Mvua gani?"

"Hii yetu. Labda ya Roma hunyesha kwa adabu, inashuka wima. Ya hapa inakuja kwa ubavu."

Lambert akachukua penseli, akaongeza upana wa paa futi mbili kila upande. Ndiyo maana wauza mayai wa Kelderwick hawaloi mpaka leo. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi wale wawili kwa miaka kumi na mitano. Lambert alichora, Reuben akauliza swali la kijinga, Lambert akafuta. Na kilichobaki kwenye karatasi Reuben alikichonga.

Baada ya soko likaja daraja. Mto Kelder ulikuwa umeshasomba madaraja matatu, kila moja likiwa na nguzo zake katikati ya maji. Lambert alijenga tao moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo, bila mguu hata mmoja mtoni. Wazee walikataa kupita juu yake mpaka Bwana Wetherall alipopitisha ng'ombe arobaini. Mwaka uliofuata mahakimu wa jimbo, ambao ndio walioendesha mambo yote ya huku, wakamfanya Lambert mhandisi wa madaraja yote, na alikuwa hajafika miaka thelathini na mbili.

Kisha wakamwomba gereza.

Ni lazima niseme gereza la zamani lilikuwaje, ama sivyo mtamdhania vibaya. Lilikuwa shimo chini ya ngome. Wanaume, wanawake na vichaa walitupwa humo pamoja juu ya majani yaliyooza, na homa iliua wengi kuliko kamba ya mnyongaji. Lambert aliteremka kulipima. Alipotoka alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu, akatapika uani karibu na pipa la maji.

"Hester," akaniambia, "kule chini kuna mtu amefungwa mnyororo mmoja na maiti. Nimemuuliza tangu lini. Anasema hajui."

Alitumia majira mawili ya baridi kuchora. Kila mfungwa angekuwa na chumba chake, kikavu, chenye dirisha juu, tundu la hewa na maji safi. Homa isingepita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mwizi wa kuku asingelala na muuaji. Na kungekuwa na kimya. Hilo ndilo alilolipenda kuliko yote. Alituambia mezani, uso wake unang'aa, kwamba mtu akikaa peke yake katika utulivu hatimaye ataisikia nafsi yake, na akiisikia atabadilika. Kasisi wetu alihubiri hivyo hivyo. Mimi niliamini. Karibu kila mtu mwema niliyemjua aliamini.

Reuben alijikuna sikio. "Mimi nikiachwa peke yangu saa nzima, nalala."

"Basi wewe hutakuwa mwizi," Lambert akasema. "Hutapata nafasi."

Kujenga kulichukua miaka mitatu. Lango lilikuwa na nguzo nne fupi, nene, zisizo na pambo lolote, na hata aliyelichukia gereza alikiri kwamba lango lilikuwa zuri la kuogofya. Kuta za ndani zilikuwa na unene wa futi mbili, zimejazwa kifusi katikati ili sauti isipite. Siku zilipokauka, Lambert alimfungia Reuben katika chumba kimoja, yeye akaingia cha pili, akamwambia aimbe. Mimi nilikuwa uani nimewaletea chakula. Baada ya robo saa Lambert akatoka.

"Uliimba?"

"Nimeimba mpaka koo limekauka," Reuben akasema. "Nimeimba na zile za kilabuni."

"Sikusikia kitu. Hata neno moja."

Wakakumbatiana pale uani kama watoto walioshinda mchezo, vumbi la chokaa likiwaruka nguoni. Nami nikawapigia makofi.

Walikuja watu kutoka majimbo mengine kulitazama. Michoro ilichapishwa katika kitabu kikubwa, na jina la Lambert likiwa chini ya kila ukurasa. Reuben alikuwa akikiweka kitabu kile kwenye meza yetu wageni wakija, na kukiondoa wakati wa chakula tu.

Mwaka wa elfu moja na mia nane mavuno yalikuwa mabaya kwa mara ya pili. Mkate ulipanda bei mpaka tukaacha kuuulizia. Tulikula viazi, kisha mboga za porini. Binti yetu Phoebe, pekee aliyekuwa amesalia katika watatu niliowazaa, alikuwa na miaka mitano, na alianza kukataa kutembea. Alisema miguu imechoka. Na kila Jumanne magari ya ngano yalitoka kwenye maghala ya bonde letu na kuvuka daraja, yakienda bandarini, tunayatazama.

Jumanne moja ya Septemba wanawake wa mtaa wetu tulikwenda darajani. Hatukuwa na silaha. Tulisimama tu, upande hadi upande, na gari likasimama. Mtu mmoja alitakiwa kupanda. Nikapanda mimi. Nilikanyaga gurudumu, nikaingia juu ya magunia, nikachana gunia la kwanza kwa kisu cha jikoni, na ngano ikamwagika kwenye aproni za wenzangu. Tuliweka pesa katika kofia ya mwendesha gari, kwa bei ya mwaka juzi, na mwenyewe alikuwa anatusaidia kushika magunia.

Reuben alikuwa akifanya kazi karibu, akitengeneza ukingo wa mto. Alikuja mbio kunichukua. Farasi walikuwa wameshaanza kuogopa kelele, wanarudi nyuma kuelekea walipokuwa watoto, naye akazishika hatamu. Hapo ndipo mgambo walipotokea kwa upande wa mjini. Aliniona, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shuka. Shuka sasa hivi, uende kwa Phoebe," akanivuta mkono, nikaangukia katikati ya wanawake. Mgambo walipofika walimkuta yeye, mwanamume peke yake, ameshika hatamu za gari lililoporwa.

Mahakamani alisema ni yeye aliyelisimamisha gari, na kwamba wanawake walimfuata kwa kuwa wana njaa na hawajui sheria. Nilisimama ili niseme. Nilisimama kabisa, miguu yote miwili. Akanitazama, kisha akamtazama Phoebe niliyembeba begani, akatikisa kichwa kidogo. Nikaketi.

Hilo ndilo nisilowaambia wageni.

Hakimu alimpa miaka miwili, mwaka wa kwanza akae peke yake. Alisema zamani angepelekwa ng'ambo ya bahari au kunyongwa, ashukuru kwamba jimbo letu sasa lina gereza la kibinadamu.

Lambert alikuja jioni ile ile. Aliketi kitandani kwangu akanishika mikono yote miwili. "Nisikilize, dada yangu. Hatapata homa. Hatapigwa. Ana kitanda, ana hewa safi, nimekipima chumba kile mwenyewe. Kama ni lazima awe gerezani, ni afadhali awe katika langu." Nilimshukuru. Usiku huo nililala kwa maneno hayo.

Waliruhusu ndugu kumwona mfungwa mara moja kila miezi mitatu, kwa robo saa, kukiwa na safu mbili za vyuma katikati na askari kati ya safu hizo. Mara ya kwanza Reuben alikuwa mweupe kidogo, lakini safi. "Mwambie shemeji," akasema, "mlango wangu umepinda juu, upande wa bawaba. Mwambie nimepata muda wa kuuchunguza." Nilicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mara ya pili aliongea bila kupumua. Aliongea habari za mawe ya chumba chake. Alijua nani amechonga lipi. Jiwe la tatu kutoka chini lilikuwa la Job Sugden, maana Job humalizia kwa mkono wa kushoto. Lile la pembeni lilikuwa lake mwenyewe, na lilikuwa na kosa, na alikuwa anamwomba radhi. Nilimuuliza anamwomba radhi nani. Akasema jiwe.

Mara ya tatu aliweka viganja masikioni nilipoanza kusema.

"Sema polepole, Hester. Unapiga kelele."

Nilikuwa nanong'ona.

"Chumba cha pili kuna mtu?" akauliza.

"Nadhani yupo. Vyumba vyote vimejaa."

"Nimegonga tangu wakati wa theluji. Muulize Lambert kama kuna mtu. Kama hakuna, nitaacha."

Askari akasema muda umekwisha. Nilitoka langoni, nikapita kati ya zile nguzo nne, na sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Lambert.

Alikuwa kwenye meza yake kubwa. Mbele yake kulikuwa na mchoro wa daraja la mdomo wa mto, lile alilokuwa akiliota tangu Roma, matao tisa yanayovuka mpaka ng'ambo ambako hakuna aliyewahi kuvuka ila kwa mashua. Pembeni kulikuwa na barua kutoka majimbo manne, zote zikiomba gereza kama la Kelderwick. Katika miezi tisa alikuwa hajakwenda kumwona Reuben hata mara moja, ijapokuwa kama msanifu aliruhusiwa kuingia siku yoyote.

"Mbona hujaenda?" nikamuuliza.

"Nina kazi nyingi, Hester. Mkuu wa gereza ananiandikia. Anasema Tordoff ni mtulivu, hana shida yoyote."

"Anaongea na mawe."

Alichukua rula, akaiweka juu ya mchoro.

"Anagonga ukuta wako miezi sita sasa. Anataka kujua kama kuna mtu ng'ambo. Nikamwambie nini? Mlizijaribu zile kuta, mlicheka, nami nilikuwepo. Nenda ukakae humo, Lambert. Usiende kupima. Kaa. Kaa siku tatu, halafu uje uniambie kama ni gereza la kibinadamu."

Nilisema mengine pia. Nilimwambia kwamba amemzika mume wangu akiwa hai na kuweka nguzo juu yake. Nilisema kwa sauti mpaka mtumishi wake akaja mlangoni. Na yeye alijua nani alipanda juu ya gari lile. Mji mzima ulijua. Angeweza kuniambia neno hilo moja nikanyamaza hapo hapo. Aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakwenda kesho."

Alikwenda Jumatatu asubuhi, akamwambia mkuu wa gereza kwamba anataka kufungiwa kama mfungwa, siku tatu, mlango usifunguliwe. Mkuu alidhani ni mzaha. Jumanne mchana nilikuwa naosha nguo uani nikamwona Lambert anakuja kwa njia ya nyuma, anapapasa ukuta wa jirani kama kipofu. Hakuwa amemaliza hata siku mbili.

Nilimketisha. Nilimpa maji, akayashika bila kunywa.

"Niligonga mlango," akasema. "Leo alfajiri, mpaka askari alipoleta uji akanifungulia. Niligonga nikaita, nikiwa najua kabisa kwamba hawasikii, kwa sababu mimi ndiye niliyehakikisha kwamba hawasikii. Nilikuwa najua siku ya kutoka, Hester. Nilikuwa najua kwamba nimeingia kwa hiari yangu. Na bado."

Phoebe alikuja akamwekea kiganja gotini. Akaanza kulia, kaka yangu, ambaye sikumwona akilia hata siku tulipomzika baba.

Tangu hapo alifanya kila awezalo, na ni lazima niyahesabu kwa haki yake. Aliandika barua kwa mahakimu akiomba kuta zitobolewe, wafungwa wafanye kazi pamoja mchana, na adhabu ya kukaa peke yake isizidi siku chache. Alichora mabadiliko yote kwa mkono wake, bila malipo. Aliomba Reuben atolewe mapema. Wakamwita mbele ya baraza lao. Bwana Wetherall ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mtu yule yule aliyempeleka Roma, sasa mzee wa nywele nyeupe. Lambert alinisimulia alivyomjibu, bila hasira, kama mtu anayemtuliza mwanawe.

"Bwana Garside, tulikuuliza kama watakaa kimya, ukatuhakikishia. Wanakaa kimya. Jengo lako linafanya kazi uliyotuahidi. Unataka tukurudishie kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nilikosea."

"Hukukosea," mzee akasema. "Ni jengo bora kuliko yote uliyojenga."

Lambert alijiuzulu kazi ya jimbo wiki hiyo. Aliyajibu majimbo manne kwamba hatajenga gereza tena. Mahakimu hawakumsamehe kwa barua moja aliyoipeleka gazetini, na daraja la mdomo wa mto akapewa msanifu mwingine, ambaye alijenga matao saba badala ya tisa. Nililiona mara moja. Ni daraja zuri.

Lakini la gereza ndilo lililomla. Michoro ilikuwa imeshachapishwa. Hakuhitajika tena. Mtu yeyote mwenye kitabu kile angeweza kujenga, na walijenga. Kila aliposikia linajengwa lingine, alipanda gari la farasi akaenda, siku mbili, siku tatu, akaomba kuonana na wakubwa wa huko. Walimpokea kwa heshima kwa ajili ya jina lake. Walipomsikia anachosema, wakamtoa. Nilihesabu saba kabla sijaacha kuhesabu. Huko kote kuta ni futi mbili, na katikati ni kifusi.

Reuben alitoka Oktoba ya mwaka wa elfu moja mia nane na mbili. Mwaka wa pili walikuwa wamempeleka kwenye ua kuvunja mawe pamoja na wengine, lakini kitu kilichokuwa kimekwisha kilikuwa kimekwisha. Mimi na Lambert tulikwenda kumngoja langoni, na Phoebe amevaa gauni jipya. Akatoka na askari. Alikuwa mwembamba, amenyolewa, anatazama chini. Nilimwita, akaja, akasimama mbele yangu kama mtu anayengoja kuambiwa la kufanya. Lambert alimnyooshea mkono.

Reuben alivua kofia. "Bwana Garside," akasema kwa adabu.

Hakumwita shemeji tena maisha yake yote.

Nyumbani alikaa kwenye kiti akielekea ukutani. Nikikigeuza kiti kielekee dirishani, alikigeuza tena taratibu, bila kunigombeza. Chakula alikula chote haraka, kisha akakisafisha chombo na kukiweka karibu na mlango, sakafuni. Phoebe alijifunza kukiokota bila kusema kitu. Kanisani hakuweza kukaa, wimbo ukianza alitoka nje na kusimama makaburini, viganja masikioni. Hakuwa mkali hata siku moja. Ningependa angekuwa mkali.

Lambert aliuza nyumba yake kubwa, akapanga chumba mtaani kwetu. Alijipatia riziki kwa kazi ndogo. Alijenga kisima, akatengeneza shule ya watoto wa wafumaji yenye madirisha makubwa mpaka mwalimu akalalamika kwamba watoto wanatazama nje. Kila jioni kwa miaka sita alikuja kuketi na Reuben. Mwanzoni alikuwa akiongea, akimkumbusha habari za soko, za ng'ombe arobaini, za vigae. Nilimwona Reuben anavyokunja mabega. Nikamwambia Lambert aache. Basi wakawa wanaketi tu, viti viwili, vyote vimeelekea ukuta mmoja. Mara moja moja Lambert alimletea kipande cha jiwe kutoka Hagg, Reuben akakipapasa kwa kidole gumba, akataja jina la aliyelikata kama ni jiwe lililokatwa, au akasema "bado" kama halijakatwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

Reuben alifariki Novemba ya mwaka wa elfu moja mia nane na nane, kwa kifua. Siku ya mwisho aliniambia, "Hester, niliacha kugonga." Nikamwambia nimesikia. Sijui kama alinielewa.

Lambert alikataa mtu mwingine achonge jiwe la kaburi. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika penseli miaka thelathini, haikumbuki patasi. Herufi zilipanda na kushuka, na T ya Tordoff ikavunjika ukingo. Nilikuwa nimeinama nimemshikia jiwe lisicheze, chokaa inaniingia machoni, na hapo ndipo maneno yaliponitoka.

"Mimi ndiye niliyepanda juu ya gari."

"Najua."

"Siku ile nilipokuja kwako nikakutukana. Ulijua. Mbona hukuniambia?"

Alipuliza vumbi kwenye herufi. "Ulikuwa na mtoto wa kulea," akasema. "Na ulichosema kilikuwa kweli."

"Ningesimama mahakamani, angekuwa hai."

"Ungekuwa wewe mle ndani, dada yangu. Ningekuwa nimekujengea wewe." Akaichukua tena patasi. "Shika vizuri upande huo, linateleza."

Tulimaliza siku ya pili. Hatukulizungumza tena.

Lambert aliishi miaka tisa baadaye. Phoebe alipoolewa, yeye ndiye aliyemshika mkono mpaka madhabahuni kwa niaba ya baba yake, na siku hiyo alinyoa. Alifariki mwezi wa Machi, usingizini, na mji ukamzika kwa heshima. Mahakimu wapya walihudhuria. Mmoja wao alihutubia kaburini, akataja soko, akataja daraja, na mwisho, kwa fahari, akataja gereza. Phoebe alinishika mkono ili nisiseme kitu. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilimtazama usoni, naye alikuwa na mimba ya mwezi wa saba, na mumewe ni karani wa mahakimu hao hao.

Nikanyamaza tena.